Simu ya Mama Haina Virusi, Ina Ruhusa Tulizozitoa Wenyewe

Wiki iliyopita dada mmoja wa Tanga, msomaji wangu wa siku nyingi, alinitumia picha ya kioo cha simu ya mama yake pamoja na swali fupi. Kwenye picha hiyo zilionekana arifa sita, yaani vile vijumbe vinavyojitokeza vyenyewe kwenye kioo, zilizopangana moja chini ya nyingine: ya kwanza ilidai kwamba simu ina virusi 13 na kwamba betri itaungua, ya pili kwamba mama amejishindia gari, ya tatu kwamba kuna mtu amemtumia ujumbe wa siri, na tatu zilizobaki zilikuwa za kubeti na mambo mengine ambayo mama wa miaka 64 hana sababu ya kuyaona. Fundi wa mtaani kwao alikuwa ameshatoa hukumu kwamba simu ifleshiwe, yaani ifutwe yote na kuwekewa mfumo upya, kwa shilingi 25,000, na dada alitaka tu kujua kutoka kwangu kama bei hiyo ni ya haki.

Nilimjibu kwamba hata shilingi mia ni nyingi, kwa sababu simu haiumwi. Sikuwa na ujasiri wa kutoa jibu la namna hiyo kabla ya mwaka 2021, mwaka ambao ugonjwa huo huo, au tuseme usio ugonjwa huo huo, ulinigharimu shilingi 30,000, kazi zangu za miaka mitatu na mteja mmoja ambaye hadi leo nikikutana naye njiani naona afadhali nivuke barabara.

Nina duka dogo la steshenari Kihonda, hapa Morogoro. Tunatoa kopi, tunalaminisha vyeti, tunatengeneza kadi za michango na za harusi, na msimu ukifika tunawajazia wanafunzi fomu za mkopo wa elimu ya juu wa HESLB. Kompyuta ya dukani ndiyo shamba langu. Sasa, Jumapili ya tarehe 25 Julai 2021 Simba na Yanga walikuwa wanakutana Kigoma kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho, nami nilikuwa na kazi ya mtu ya kumaliza, hivyo nikaona badala ya kufunga duka na kwenda kibanda umiza, nitafute tovuti inayoonyesha mpira bure. Niliipata kwa urahisi ambao ulipaswa kunitisha. Ukurasa ulifunguka ukiwa na fremu nyeusi katikati, duara linalozunguka kana kwamba picha iko njiani, na mshale mkubwa mwekundu unaoelekeza juu kushoto, mahali ambapo kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, kilikuwa kinaniuliza kama naruhusu tovuti hiyo initumie arifa. Chini ya mshale palikuwa na maneno ya kunitaka nibonyeze Ruhusu ili nithibitishe kwamba mimi si roboti.

Nilibonyeza. Ukurasa ukanipeleka kwingine ambako nako niliulizwa swali lile lile, nikabonyeza tena, na tena, huku nikiamini kila hatua inanisogeza karibu na Kigoma. Mpira sikuuona. Goli la Taddeo Lwanga nililisikia kwa kelele za kibanda umiza cha jirani, na kwa kuwa mimi ni mtu wa Yanga, siku hiyo niliumia mara mbili bila kujua bado kwamba nimeumia mara tatu.

Siku chache baadaye alikuja mzee mmoja wa kanisa, mtu mpole anayeheshimika mtaani, kwa ajili ya kadi za mchango wa harusi ya binti yake. Alikuwa amevuta kiti karibu nami ili tuchague pamoja mwandiko wa majina ya maharusi. Tukiwa hapo, kwenye kona ya chini kulia ya kioo, ikapanda picha ya mwanamke aliyevaa kidogo sana, ikiwa na maneno kwamba yuko mita 800 kutoka nilipo na ananisubiri. Niliifunga haraka, ikaja nyingine. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena, akasema kwa sauti ya chini, "Kijana, ngoja nitarudi kesho." Hakurudi. Kadi zilichapwa kwingine, na mwaliko sikuupata.

Nilipakua programu ya kuua virusi, nayo ikakagua kompyuta kwa karibu saa nzima na kusema ni safi. Nikafuta historia ya kivinjari, picha zikaendelea kuja. Nikamwita fundi, ambaye hakuuliza lolote juu ya tovuti nilizotembelea, bali alisema Windows imeliwa na lazima apige upya. Alinihakikishia kwamba kazi zangu amezihifadhi. Kompyuta ilirudi ikiwa safi kweli, na tupu kweli pia: kadi zote nilizokuwa nimezibuni tangu nifungue duka, ambazo ndizo nilikuwa nazibadilisha majina tu na kuziuza upya, hazikuwepo. Sisemi zaidi juu ya fundi huyo, maana ana watoto na mtaa ni mdogo.

Aibu kubwa zaidi ilikuja Septemba. Tarehe 25 mwezi huo kulikuwa na Ngao ya Jamii, Simba na Yanga tena, nami, mtu mzima mwenye akili zake, nikarudi kutafuta mpira wa bure, nikakutana na mshale ule ule na nikautii. Yanga walishinda 1-0 kwa goli la Fiston Mayele, ambalo pia sikuliona, na kabla ya usiku kona ya kioo changu ilikuwa imeshaanza kupandisha wageni. Aliyeniokoa ni binti aliyekuwa amemaliza kidato cha sita, ambaye alikuja siku mbili baadaye kujaza fomu ya mkopo. Arifa ya virusi ilipoibuka mbele yake hakushtuka hata kidogo, alisogeza kidole hadi kwenye maandishi madogo ya kijivu yaliyokuwa chini ya tangazo na kusema, "Anko, hivi si virusi. Hii ni anwani ya tovuti, na wewe ndiye uliyeiruhusu."

Alinifungulia orodha iliyoko ndani ya Chrome, kivinjari nilichokuwa natumia, nikahesabu anwani 17 zilizokuwa na ruhusa ya kunitumia arifa, nyingi zikiwa herufi zilizomwagwa tu kama punje za mtama, zisizosomeka kwa lugha yoyote. Aliziondoa zote kwa muda usiozidi dakika nne. Nilimfanyia fomu yake bure, ingawa kwa kweli moyoni nilikuwa na hasira: si kwake, bali kwa zile 30,000.

Kilichokuwa kinatokea nimekielewa vizuri baadaye. Mwaka 2015 Chrome ilianza kuziwezesha tovuti kumtumia mtu arifa hata baada ya yeye kuufunga ukurasa, na kivinjari kingine, Firefox, kikafuata mapema mwaka 2016. Kusudi lilikuwa jema, yaani gazeti likufahamishe habari mpya au barua pepe ikujulishe kwamba umeandikiwa. Kwa upande wako sharti lilikuwa moja tu, kwamba wewe mwenyewe ukubali, na kwa kuwa hilo ndilo kufuli pekee, matapeli hawakuhangaika kulivunja, bali walitafuta njia ya kukufanya ulifungue kwa mkono wako. Ndiyo maana utaambiwa ubonyeze Ruhusu ili kuthibitisha kwamba wewe si roboti, ili video ianze, ili faili la mitihani lipakuliwe, au ili uthibitishe umri. Kipimo halisi cha roboti hukutaka uweke alama kwenye kisanduku au uchague picha ndani ya ukurasa wenyewe. Hakihitaji kamwe ruhusa ya kukutumia arifa. Alama ya kufuli ambayo baadhi ya vivinjari huionyesha karibu na anwani, ikimaanisha mawasiliano yako na tovuti yamesimbwa ili wengine wasiyasome, nayo isikupumbaze, maana tovuti isiyo na usimbaji huo hairuhusiwi hata kuomba ruhusa ya arifa, kwa hiyo matapeli wote wanayo.

Ruhusa hutolewa kwa anwani, wala si kwa kampuni wala kwa mtu. Hapo ndipo wengi hukwama: unaizuia anwani moja, tovuti inakurusha kwenye anwani dada yenye herufi moja ya ziada mwanzoni, na swali linaanza upya kana kwamba hamjawahi kuonana. Ukikutana na mzunguko huo usipoteze muda kujibu hapana mara kumi, funga ukurasa mzima. Matangazo yenyewe ni biashara, kwa sababu mwenye tovuti hulipwa kwa kila mtu anayebonyeza na wakati mwingine hupata kamisheni ukinunua hiyo programu ya kuua virusi unayotishiwa nayo. Hofu ya mama wa Tanga, kwa maneno mengine, ni mtaji wa mtu.

Sasa dawa. Kwenye simu ya Android fungua Chrome, gusa nukta tatu zilizo juu kulia, ingia Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa, penye alama ya kengele. Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Gusa moja moja na uizuie, ukianza na zile usizozitambua. Njia ya mkato ni kuikandamiza arifa yenyewe ikiwa imetokea, bila kuibonyeza na kuiachia, hadi mipangilio yake itokee, kisha uizime hapo hapo. Kwenye kompyuta andika chrome://settings/content/notifications pale juu panapoandikwa anwani, orodha itafunguka mara moja. Kwenye Firefox ya kompyuta utaikuta chini ya Faragha na usalama, sehemu ya ruhusa. Ukimaliza kusafisha, kwenye ukurasa huo huo chagua tovuti zisiweze kuomba kabisa. Mimi nilifanya hivyo Septemba ile, na sijawahi kukosa jambo lolote la maana.

Ikiwa umezuia anwani zote na bado matangazo yanaruka na kufunika kioo kizima, hiyo ni habari nyingine, na mara nyingi inatokana na programu iliyosakinishwa kwenye simu yenyewe, hasa iliyopakuliwa nje ya Play Store. Kandamiza arifa uone imetoka programu gani, kisha uiondoe programu hiyo. Na kama uliwahi kubonyeza arifa ukajaza nywila au namba ya siri ya pesa za simu, kuzuia anwani hakutoshi: badilisha siri hizo leo. Wenye iPhone wamepona kiasi, kwa kuwa tangu mfumo wa iOS 16.4 wa mwaka 2023 arifa za tovuti hupatikana tu kwa tovuti uliyoiweka mwenyewe kwenye skrini ya mwanzo.

Sipendi kuhubiri, lakini nitahubiri kidogo. Sisi tunaoitwa wajanja wa mtandao nyumbani kwetu tumewanunulia wazazi simu janja, tukawafungulia WhatsApp, tukawaacha wapambane wenyewe na maswali ya kivinjari yaliyoandikwa kwa lugha wasiyoisoma. Mama akiona swali asilolielewa hubonyeza kile kinachoonekana kama kukubali, kwa sababu maisha yake yote kukubali ndiyo adabu. Ukienda nyumbani likizo, kabla hujaomba ugali, omba simu. Fungua ile orodha, safisha, zima maombi mapya, na umweleze kwamba tovuti haiwezi kujua kama simu yake inaumwa. Na nyinyi mafundi, kaka zangu, mkiletewa kesi ya namna hii angalieni arifa kwanza kabla ya kushika bisibisi. Kutoza pesa ya kuflesh kwa kazi ya dakika nne si ufundi. Mimi hapa dukani nawafanyia watu bure, na kwa sababu hiyo hiyo wanarudi kutoa kopi.

Mambo ya vitu vya bure ningeweza kuyasema sana, ila mtu aliyetafuta mpira wa bure mara mbili mahali palepale hana mimbari ya kutosha.

Dada wa Tanga alinipigia juzi jioni. Simu ya mama ilikuwa na anwani 11, wameziondoa wakiwa wamekaa barazani, na fundi ameambiwa asisubiri. Mama ana lalamiko moja tu: anauliza mbona yule aliyekuwa akimwambia ameshinda gari hamwandikii tena.