Shafti ya mkengeuko mdogo: maswali yenu kabla hamjafungua pochi

Tangu shafti za nyuzi za kaboni zianze kuonekana mikononi mwa wachezaji wa pool, maswali ninayoletewa yanarudi palepale: nibadilishe, au nibaki na ya mti? Safari hii nimeyajibu kwa pamoja. Kwa msomaji mgeni, shafti ni ile sehemu ya mbele ya fimbo, yenye ngozi kwenye ncha. Mkengeuko ni ile tabia ya mpira mweupe kutoka kwenye njia unapoupiga pembeni badala ya katikati. Shafti ya mkengeuko mdogo imetengenezwa ili kuipunguza tabia hiyo. Mimi nazipenda sana shafti hizi, na kwa sababu hiyohiyo sitaki mtu azinunue kwa ahadi ya uongo.

Mwalimu, muuzaji mmoja wa Kampala ameniapia kwamba nikiwa na shafti hii mpira mweupe utakwenda palepale nilipolenga, hata nikiuzungusha. Ni kweli? (Kabalagala)

Si kweli, na ningependa ujue kwa nini, maana ukielewa hapa mengine yote yatakuwa mepesi.

Ukiupiga mpira mweupe upande wa kulia, hauendi moja kwa moja mbele ya fimbo. Unasukumwa kidogo kushoto. Ngozi hugusana na mpira kwa takribani sehemu moja tu ya elfu ya sekunde, lakini ndani ya muda huo mfupi mpira umeshaanza kuzunguka, nao unaiburuta ncha ya fimbo kwenda kulia. Ncha ina uzito wake, haikubali kuburutwa bure. Inavyokataa ndivyo inavyousukuma mpira upande wa pili.

Kwa hiyo kinachoamua ukubwa wa mkengeuko ni uzito wa ncha. Uzito wa fimbo nzima hauhusiki, na ugumu au ulaini wa shafti hauna sehemu kubwa kama watu wanavyodhani. Muda wa mguso ni mfupi mno, mtikisiko haupati nafasi ya kusafiri mbali, basi ni sehemu fupi ya mbele tu ya shafti inayoshiriki. Mafundi walipolijua hilo wakaanza kuipunguza uzito sehemu hiyo: wanaitoboa shafti ndani upande wa mbele, wanafupisha na kupunguza uzito wa feruli (ile pete nyeupe au nyeusi chini ya ngozi), au wanapunguza unene. Kampuni ya Predator ya Marekani ilijulikana kwa njia hiyo tangu miaka ya 1990 kwa shafti yake ya mbao iitwayo 314. Ile ya kaboni, Revo, ilikuja baadaye sana, mwaka 2016.

Sasa angalia neno "kupunguza". Ncha nyepesi bado ni ncha yenye uzito, kwa hiyo mkengeuko unabaki. Kwa spini kubwa (yaani mzunguko unaoupa mpira kwa kuupiga pembeni), shafti ya kawaida inaweza kuutoa mpira njiani kwa zaidi ya digrii 2. Digrii moja tu, mpira ukisafiri mita moja, ni milimita 17 hivi za kukosa. Shafti nzuri ya mkengeuko mdogo inakuondolea sehemu ya kosa hilo. Iliyobaki utaendelea kuirekebisha wewe mwenyewe kwa jicho lako. Muuzaji anayekuambia vinginevyo, mwombe apige yeye mbele yako.

Itaniongezea spini? (Jinja)

Hapana. Spini inatoka kwenye umbali wa ngozi kutoka katikati ya mpira, na kasi ya mkono wako. Wengi wanaona spini imeongezeka kwa sababu, kwa kuwa hawaogopi tena kukosa, wanathubutu kupiga pembeni zaidi. Hilo ni jambo jema, lakini limetoka kwako. Na mpaka ni uleule: ukivuka kama nusu ya njia kutoka katikati ya mpira kwenda ukingoni, ngozi inateleza, iwe shafti ya laki moja au ya milioni mbili.

Huku kwetu tunachezea meza ndogo za baa, za kutia sarafu, na fimbo zetu nyingi ni nyembamba za kipande kimoja. Hizi shafti zinatuhusu? (Arua)

Swali hili limenifurahisha, kwa sababu karibu maelezo yote ya shafti hizi yameandikwa na watu wanaocheza meza kubwa za Kimarekani, nasi tunayameza bila kuuliza kama yanatufaa.

Mpira wa Kimarekani una kipenyo cha milimita 57 na uzito wa hadi gramu 170. Kwenye meza ndogo za mtindo wa Kiingereza mpira ni wa milimita 51 hivi, na kwa ujazo huo unakuwa na gramu kama 120 tu. Meza nyingi za sarafu zina mpira mweupe mdogo zaidi hata ya hapo, milimita 48, ili mashine iutenge na kuurudisha ukidumbukia. Mkengeuko unategemea uzito wa ncha ukilinganishwa na uzito wa mpira. Mpira ukiwa mwepesi, ncha ileile inausukuma zaidi. Maana yake ni kwamba fimbo nene ya Kimarekani, yenye ncha ya milimita 13, ukiileta kwenye meza ya baa na ule mpira mweupe mdogo, itakutoa njiani kuliko ilivyokuwa kwenye meza yake. Nimeona wachezaji wazuri wakilaumu meza kwa jambo hili.

Lakini wewe tayari una fimbo nyembamba, ya milimita 8 au 9. Ncha nyembamba ni nyepesi kwa umbile lake, kwa hiyo nusu ya kazi ya shafti hizi za bei ghali fimbo yako inaifanya. Halafu kuna jambo la wazi: fimbo ya kipande kimoja huwezi kuibadilisha shafti, haina mahali pa kufungulia. Hata zile za Kiingereza zinazofunguka, mara nyingi zinaungwa robo ya nyuma, karibu na mkono wa kushikia, si katikati. Kipande cha mbele ni kirefu na skrubu yake ni nyingine. Shafti ya Kimarekani haitaingia hapo.

La mwisho kwa Arua, na kwa kila baa iliyobanwa kati ya kaunta na ukuta. Mnapopiga mkiwa mmeinua nyuma ya fimbo kwa sababu ukuta uko mgongoni, mpira wenye spini unapinda njiani, unarudi upande wa spini. Kwa pigo la polepole kwenye kitambaa chenye manyoya kupinda huko ni kukubwa. Shafti za kawaida zinakengeusha upande mmoja, kupinda kunarudisha upande mwingine, na mara nyingi viwili hivyo vinafutana bila mchezaji kujua. Ukipunguza mkengeuko, kupinda kunabaki peke yake. Mtu anabadilisha shafti na kuanza kukosa mipira myepesi ya polepole aliyokuwa akiifunga amefumba macho. Kwa hiyo, kwa mchezo wenu na meza zenu, ningesema msihangaike. Jifunzeni kulaza fimbo pale nafasi inaporuhusu, na kupiga katikati pale isiporuhusu.

Mwalimu, nimechezea shafti ya mti miaka mingi kambini. Nimenunua ya kaboni, na sasa kila nikipiga na spini ya kulia mpira mweupe unaangukia kulia. Bila spini nafunga vizuri. Shafti ni mbovu? (Bombo)

Shafti yako ni nzima, Afande. Umeeleza dalili kwa usahihi kabisa, na dalili hiyo ina jibu moja.

Kwa miaka yote hiyo mkono wako ulijifunza kwamba spini ya kulia inaupeleka mpira kushoto, ukawa unalenga kulia kidogo ili kufidia. Hukufundishwa, hata hujui kwamba unafanya. Sasa shafti mpya inakengeusha kidogo, lakini mkono bado unafidia kiasi kilekile cha zamani. Fidia iliyozidi ndiyo inayouangusha mpira kulia. Bila spini hakuna cha kufidia, ndiyo maana unafunga.

Hasa kama wewe ni miongoni mwa wale wanaolenga katikati kwanza, kisha, mkono wa mbele ukiwa umetulia mezani, wanasogeza mkono wa nyuma ili ngozi iende pembeni. Njia hiyo inakubali pale tu umbali kati ya mkono wa mbele na mpira unapolingana na shafti. Kwa shafti nyingi za kawaida umbali huo uko kati ya sentimita 20 na 35. Kwa za mkengeuko mdogo unarefuka, mara nyingi unapita 35. Ukiweka mkono palepale pa zamani, fimbo inageuka kupita kiasi.

Fanya jaribio hili meza ikiwa tupu. Weka mpira mmoja mbele ya mweupe, umbali wa mita moja na nusu hivi, ulenge uso kwa uso. Tuliza mkono wa mbele, sogeza wa nyuma mpaka ngozi ikae kulia kwa katikati, chini kidogo, kisha piga kwa nguvu ya kutosha ili kupinda kusiingie. Usiuangalie mpira uliopigwa, maana spini nayo inausukuma kidogo. Uangalie mweupe. Ukibaki pale pale unazunguka, umbali wako ni sahihi. Ukitokea kulia, mkono wa mbele uko karibu mno na mpira, urudishe nyuma sentimita chache. Ukitokea kushoto, usogeze mbele. Rudia kwa spini ya kushoto. Ukipata umbali huo, weka alama kichwani na uucheze.

Umbali huo ukiwa mrefu mno kwako, na kwa wengi huwa hivyo, basi usisogeze mkono wa nyuma kwa kiasi chote. Lenga karibu na mstari wa kweli tangu mwanzo, ufidie kidogo tu. Hilo linachukua wiki nyingi, na ninakuomba usirudi kwenye shafti ya mti katikati ya safari. Anayecheza hii leo na ile kesho anaufundisha mkono mambo mawili yanayopingana. Na kama una mashindano karibuni, cheza na ya zamani, uianze hii baada ya mashindano.

Nimeagiza shafti kwa ndugu yangu aliyeko nje. Nimwambie achukue ipi? (Mbale)

Kabla ya kutaja jina la kampuni, mwambie aina ya skrubu. Fimbo za Kimarekani zina skrubu tofauti tofauti: 3/8x10, 5/16x14, 5/16x18, Radial, Uni-Loc na nyinginezo, na haziingiliani. Usikisie kwa picha, 5/16x14 na 5/16x18 kwa macho zinafanana. Peleka fimbo kwa fundi apime. Pima pia kipenyo cha maungio ili usibaki na ngazi unayoisikia kwa kidole. Wengi wetu tumeona shafti nzuri imelala kabatini kwa sababu ya skrubu.

Mti au kaboni, kwa sisi tulio karibu na ziwa? (Entebbe)

Hapa kaboni ina hoja ya kweli. Unyevu hauipindishi, na ukiisahau imeegemea ukutani usiku kucha utaikuta imenyooka. Mti unakunywa unyevu, unapinda, na kila ukiusugua kwa msasa unapungua unene. Kaboni usiipitishie msasa kamwe: kitambaa chenye spiriti kidogo kinatosha.

Ila msichanganye mambo. Kaboni si jina lingine la mkengeuko mdogo. Ziko shafti za kaboni zenye ncha nzito, zinazokengeusha kama za mti, na ziko za mti zilizotobolewa vizuri zinazozishinda. Mlio wake pia ni mwingine, mkavu, na wapo wachezaji ambao mkono wao haujawahi kuuzoea. Mimi binafsi napenda mti uliotobolewa kwa jinsi unavyonipa habari za pigo, lakini sina ugomvi na anayeichagua kaboni kwa ajili ya unyevu.

Inaruhusiwa kwenye mashindano? (Gulu)

Vipimo vya WPA, chombo cha dunia cha pool, vinataka ncha isizidi milimita 14 na fimbo isizidi aunsi 25, yaani gramu 708 hivi. Shafti hizi ziko ndani ya mipaka hiyo. Kwa ligi unayochezea, muulize nahodha wako kabla ya mechi ya kwanza.

Mimi ni mwanafunzi, nimeanza mwaka huu. Nimejiwekea akiba, je, ninunue sasa? Na kaka yangu akinunua ya kwake, ile ya zamani aiuze? (Busia)

Bado, dada yangu. Shafti ya dola 300 ni zaidi ya shilingi milioni moja za Uganda, na faida yake inaonekana pale tu unapopiga na spini. Katika mwaka wa kwanza mapigo yako mengi yanapaswa kuwa kwenye mstari wa katikati ya mpira, juu, chini au kati, bila kwenda pembeni. Hapo shafti ya mkengeuko mdogo na ya kawaida ni sawasawa. Badilisha ngozi iliyobapa, hakikisha fimbo yako imenyooka kwa kuibingirisha mezani, kisha akiba inayobaki itumie kulipia saa za meza asubuhi, kabla baa haijajaa. Utakapoanza kukosa mipira kwa sababu ya spini, na ukawa unaweza kuniambia umekosa upande gani, niandikie tena tuzungumzie shafti.

Kaka yako asiuze. Ile ya zamani aiweke kwa kubreki, yaani pigo la kwanza la kutawanya mipira. Pigo la kubreki ni la nguvu kubwa, mkono huyumba, na shafti ya kawaida, yenye umbali mfupi (ule niliomweleza Afande wa Bombo) unaokaribia mahali mkono wa mbele unapokaa, huusamehe myumbo huo kuliko ile mpya. Na ngozi ya shafti mpya itadumu.