Kwa dada muuguzi aliyechoka kupita kiasi

Dada, umesema unavuka feri ya Likoni alfajiri machozi yakikutoka, wodini unawakaripia wagonjwa, na siku ya mapumziko unaamka umechoka vilevile. Pole sana. Huo si uvivu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hii kuwa matokeo ya msongo wa kazi wa muda mrefu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kujiona hufai. Yote matatu umeyataja.

Mimi pia ni wa wodi. Anza na likizo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakupa angalau siku 21 za kazi kwa mwaka, kwa malipo. Omba kwa maandishi, ubaki na nakala. Na ukiipata, tafadhali usiende kufanya zamu za kibarua kwingine. Najua karo inabana, lakini hicho ndicho kinachotumaliza wengi.

Halafu mpelekee msimamizi wa wodi ratiba ya zamu, umwonyeshe tarehe za usiku mfululizo uliopangiwa. Ukisema tu "nimechoka" utaambiwa sote tumechoka. Na kwa kuwa umechoka, kabla ya kutoa dozi mwombe mwenzako aihakiki nawe.

Ila kuna sentensi yako imenishtua: kwamba ungependa ulale usiamke. Hilo halingoji likizo. Nenda leo kitengo cha afya ya akili, hospitali ya Port Reitz hapo Mombasa kwa mfano, na umwambie mtu wa nyumbani akusindikize. Dawa za usingizi za wodini usiziguse kabisa.