Kabla hujasema mche wa okidi umeishinda sumu

Ndugu yangu unayeanza kujaribu sumu ya fangasi kwenye miche ya okidi, kabla hujaigusa sumu, kagua kwanza chakula kilichomo chupani, yaani rojo la virutubisho ambamo miche inakulia. Mimi sikukagua, na miezi miwili ya kazi yangu hapa Mbeya ikaenda na maji.

Nilikuwa na miche ya Dendrobium, aina ya okidi, majani matatu matatu, mizizi myeupe imejikunja chini ya chupa. Niliitia asidi fusariki, sumu ya fangasi wa jamii ya Fusarium, jamii ileile ya yule anayenyausha migomba. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, miche kijani kibichi. Nikampigia simu mwalimu wangu kwa furaha: nimepata miche sugu! Akaniuliza swali moja tu: “Chakula chako kina mkaa?”

Kilikuwa nao. Miche ya okidi ikikatwa hutoa fenoli, kemikali za mmea wenyewe, chakula kinageuka kahawia na mche unadumaa, ndiyo maana tunatia unga wa mkaa amilifu uzinase. Mkaa huohuo ukainasa na sumu. Miche yangu haikuwa imeonja kitu.

Kwa hiyo hamishia miche kwenye chakula kisicho na mkaa, uiache itulie wiki nzima, maana kuhamishwa nako ni jeraha, na jeraha huamsha kinga. Kama umeyeyusha sumu kwa spiriti kidogo, chupa za kulinganishia, zile zisizotiwa sumu, nazo zipate spiriti kiasi kilekile.

Kosa langu jingine lilikuwa kungoja majani yawe ya njano ndipo nichukue sampuli. Njano ni klorofili iliyokwisha kuharibika. Hapo unapima mche unaokufa, si mche unaojitetea. Utetezi huanza mapema, ndani ya saa chache: seli hutoa peroksidi ya haidrojeni, ambayo ikizidi huunguza utando wa seli yenyewe. Mche hujibu kwa vimeng’enya, protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali. Katalesi huivunja peroksidi hiyo, na peroksidesi huitumia kuunganisha fenoli ziwe lignini, kitu kigumu kinachoukaza ukuta wa seli. Sasa nakata mizizi baada ya saa 6, 24, 48 na 72.

Saga mzizi kwenye kinu kilichokaa juu ya barafu. Tia maji yake kwenye guaiakoli, kemikali ambayo peroksidesi huigeuza kahawia, ongeza peroksidi kidogo, kisha tazama: rangi ya kahawia inapanda taratibu mbele ya macho yako, na mashine ya kupima mwanga inaisoma kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 470. Sijachoka kuitazama rangi ile.

Angalia pia baridi. Usiku wa Julai, miche ya rafu ya dirishani ilionyesha peroksidesi ya juu hata isiyotiwa sumu. Weka chupa zote, zenye sumu na zisizo nayo, zikiwa zimechanganyika kwenye rafu moja.

Nasisitiza haya kwa sababu si kazi ya maua ya mapambo tu. Kule Kitulo na vijiji vya jirani, okidi za porini zimechimbwa viazi vyake kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo. Siku tukitaka kuzirudisha kutoka chupani, itabidi tujue mche upi unahimili ugonjwa.

Nilirudia jaribio bila mkaa. Siku ya tatu ncha za mizizi mingi zilikuwa kahawia. Chupa nne zilibaki na mizizi myeupe, nimezitenga na ninazizalisha. Kizazi chake nitakitia sumu tena kabla sijatamka neno sugu.