Dalali wako yuko upande wa nani?

Kiwanja changu cha kwanza, kule Madale, Dar es Salaam, dalali alinitajia milioni 14 na nusu. Mwenyewe, mzee mmoja, alikuwa anauza milioni 12. Mimi na mzee tulilijua hilo kwa wakati mmoja, kwenye benchi la ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti alipoinua kalamu na kuuliza, "Haya, niandike shilingi ngapi?" Mzee akasema kumi na mbili. Mimi nikasema kumi na nne na nusu. Dalali akaweka simu sikioni, ingawa sikuisikia ikiita, akatoka nje.

Wiki mbili nzima alikuwa akiniambia, "Dada, mzee hapendi maneno mengi, mambo ya bei niachie mimi." Mzee naye aliambiwa mimi ni mtu mgumu, nikibanwa kidogo nakimbia. Kila mmoja alimwona dalali kama ndugu anayempigania. Kumbe tulikuwa tunamlipa mara tatu: mimi elfu 20 kila safari ya kwenda kuonyeshwa, mzee asilimia 5 aliyomwahidi, halafu hicho cha juu cha milioni mbili na nusu. Tuliandikiana milioni 12, mzee akamtolea asilimia zake, cha juu kikafia pale kwenye benchi.

Nilimchukia yule kijana kwa miaka kadhaa, mpaka zamu yangu ya kuuza ilipofika. Mama alituachia kiwanja Kivule, na mimi, kwa akili zangu timamu, nikamwambia dalali: "Mimi nataka milioni 9 mkononi, utakachopata juu ni chako." Wauzaji wengi husema hivyo, tunaona tumemaliza kazi. Kwa kweli hapo ndipo unapompa leseni. Miezi minane kiwanja hakikuuzika. Jirani ndiye aliyekuja kuniambia kwamba watu watatu walishafika, wakatajiwa 13, wakaondoka. Mwenye tisa na nusu yake mfukoni sikuwahi hata kumsikia.

Ukiwa muuzaji, basi, taja bei halisi ya kuuzia na utaje asilimia ya dalali pembeni. Karatasi moja inatosha: bei, malipo yake ni kiasi gani, nani anamlipa, atalipwa lini (mimi huandika "baada ya fedha kuingia na mkataba kusainiwa"), na muda wa makubaliano. Atanuna kidogo. Asaini hivyo hivyo.

Kwa mnunuzi mambo ni magumu zaidi, kwa sababu huku kwetu karibu hana mtu. Dalali tuliyemzoea yuko upande wa mauziano yenyewe: yakifanyika anakula, yasipofanyika analala njaa. Huwezi kutegemea mtu wa namna hiyo akuambie "hapa usinunue." Binamu yangu yuko Houston, Marekani, na kule muuzaji ana wakala wake, mnunuzi ana wake. Lakini hata wao walikuwa na lao: kwa miaka mingi kamisheni ya mawakala wote wawili, mara nyingi asilimia 5 hadi 6, ilitoka kwenye fedha za muuzaji, mpaka wauzaji wakaenda mahakamani. Tangu Agosti 17, 2024, wakala wa mnunuzi anatakiwa kusaini naye mkataba wa maandishi kabla ya kumtembeza kwenye nyumba, na malipo yake yaandikwe humo. Binamu alilalamika sana kuhusu makaratasi. Mimi nilimwonea wivu.

Kwa hiyo nilipotafuta kiwanja cha pili, Kigamboni, nilimtafuta kijana wa maeneo yale, dalali pia, nikampa kazi ya upande mmoja. Laki tatu, nusu kwanza, nusu akishanionyesha viwanja vitano, ninunue nisinunue. Asilimia nilikataa, kwa sababu mtu wa asilimia hufurahi bei ikipanda, na mimi nilitaka mtu wa kuishusha.

Kiwanja cha tatu kilikuwa kizuri kweli: bikoni, yaani alama za mipaka, zimepakwa rangi mpya, nyasi zimefyekwa, barabara iko hapo. Nilishaanza kupanga jiko likae wapi. Yule kijana akanivuta mkono mpaka kwenye ukuta wa jirani, akanionyesha mstari wa tope uliokauka, usawa wa goti langu. "Dada, rudi Aprili ukione." Nimejiuliza mara nyingi kama angenionyesha ule mstari ingekuwa anasubiri asilimia.

Kuna kazi ambazo hata huyo wa kwako usimwachie. Upekuzi kwenye ofisi ya msajili wa hati, kujua jina lililoandikwa ni la nani na kama kuna mkopo wa benki juu yake, nenda mwenyewe au mtume wakili wako. Wakili uliyemtafuta wewe, siyo "wakili wetu" anayekuja na dalali kwenye bodaboda moja. Na kama unanunua nyumba ya familia, uliza mke au mume wa muuzaji yuko wapi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inataka ridhaa ya mwenza kabla nyumba ya ndoa haijauzwa, na ukiambiwa "mama yuko kijijini, hana neno," mpigie huyo mama usikie mwenyewe hana neno.

Yule wa Madale bado ananitumia picha za viwanja WhatsApp, na chini yake anaandika "bei ya mwenyewe." Kila mara namjibu aje na huyo mwenyewe tukae watatu. Hajibu. Wiki ijayo picha nyingine inaingia.