Sindano ya ng'ombe haikumwingiza nguruwe wangu joto. Kwa nini?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Ninafuga nguruwe hapa Busia, upande wa Uganda. Nina jike aliyezaa kwa mara ya kwanza, watoto 9, na wote wamepona. Walinyonya wiki 8 ndipo nikawaachisha. Nilitegemea aingie joto ndani ya wiki moja, lakini kimya. Siku ya 9 nikamwita kijana anayepandisha ng'ombe wa jirani kwa mbegu, akamdunga prostaglandini, ile dawa wanayowaingizia ng'ombe joto. Leo ni siku ya 18, hakuna kitu. Kijana anasema turudie na tuongeze kipimo. Je, dawa ilikuwa mbovu? Na ni homoni gani hasa inayomfanya nguruwe aingie joto? — Mama mfugaji, Busia

JIBU: Usirudie, mama. Dawa yenyewe huenda ni nzima kabisa. Tatizo ni kwamba ilitumwa kuua kitu ambacho pengine hakikuwepo, na kama kilikuwepo, basi kilikuwa bado hakiuawi.

Mnyama akishatoa yai, pale lilipotoka panaota kinofu kidogo cha nyama, kitaalamu kopasi luteumu. Kinofu hicho hutoa homoni ya projesteroni, na maadamu kipo, joto limefungwa. Prostaglandini hukiua kinofu, projesteroni inashuka, na joto linafunguka. Kwa ng'ombe hii ni kazi rahisi: kuanzia siku ya 5 au 6 baada ya joto, kinofu chake kinaitii sindano. Vinofu vya nguruwe ni vikaidi. Sindano moja haviisikii mpaka vifike siku ya 12 au 13, na hapo tumbo la uzazi lenyewe liko karibu kutoa prostaglandini yake, kwa hiyo unaokoa siku chache tu. Isitoshe, jike aliyetoka kunyonyesha kwa kawaida hana vinofu kabisa. Nami nilifanya kosa hilohilo mwaka wangu wa kwanza kazini, nikalaumu friji ya duka la dawa wiki nzima.

Nilipokuwa mwanafunzi tulipelekwa Wambizzi, yale machinjio ya nguruwe ya Nalukolongo, Kampala, tukawekewa ovari, yaani viungo vinavyotunza mayai, kwenye trei. Ovari ya nguruwe haifanani na ya ng'ombe. Ile ya ng'ombe ni kama kokwa lenye uvimbe mmoja au miwili. Ya nguruwe ni kishada, vifuko vimebanana kama tunda la mforsadi. Kila kifuko kina maji na yai moja. Ukitaka kujua jike yuko wapi katika mzunguko wake, tazama ukubwa wa vifuko. Chukua nafaka zako za nyumbani zikusaidie. Kwa jike anayenyonyesha, vifuko vimedumaa kati ya punje ya ulezi na ya mtama, milimita 2 au 3. Vikianza safari vinafika ukubwa wa choroko, na siku ya kutoa mayai vimekuwa punje za mahindi, milimita 7 hadi 8.

Kinachovidumaza ni midomo ya watoto. Wanaponyonya, ubongo wa mama unabana homoni ya GnRH, ambayo ndiyo inayoiamuru tezi ya pituitari chini ya ubongo itoe homoni nyingine iitwayo LH. FSH, dada yake LH, inatosha kuvifikisha vifuko kwenye mtama. Kutoka choroko kwenda mbele vinahitaji LH, tena LH inayokuja kwa mapigo ya harakaharaka. Unapowatoa watoto, breki inaachiwa, na ndani ya siku moja au mbili mapigo yanashika kasi. Vifuko takriban 50 vinaanza kushindana. Vinavyotangulia vinatoa inhibini, homoni inayoipunguza FSH, hivyo vya nyuma vinakosa riziki na kufa. Vinabaki 15 hadi 25, na hao ndio watoto wako watarajiwa. Vinapokua vinamwaga estrojeni kwenye damu. Estrojeni ndiyo inayofanya uke uvimbe na kuwa mwekundu, jike akose hamu ya chakula na asimame tuli anapoguswa mgongo. Ikifika kilele, inaushtua ubongo uachilie LH kwa wingi mara moja, na saa 40 hivi baadaye mayai yanatoka. Tangu kuachisha mpaka joto kuonekana ni siku 4 hadi 7 mambo yakienda sawa.

Kwako hayakwenda sawa, na mimi nashuku mambo mawili kabla ya mengine.

La kwanza ni zile wiki 8. Watoto wa wiki 6 au 7 wanakula pumba na kunyonya kwa kugusagusa tu. Breki inalegea wakiwa bado zizini, na wapo majike wanaoingia joto hapohapo bila mwenye mali kujua, kwa sababu hakuna anayelitazamia. Kama wako alitoa mayai kabla ya kuachishwa, siku ya 9 alikuwa na vinofu, na huenda vilikuwa vichanga visivyosikia sindano. Vilevile inawezekana aliingia joto siku ya 5 au 6 baada ya kuachishwa, likapita kimyakimya. Jike bila dume karibu huonyesha kidogo sana. Katika hali zote mbili mzunguko ni siku 21, ukipungua 18, ukizidi 24. Piga hesabu: aliyepitwa siku ya 5 au 6 atarudi siku ya 26 au 27. Kwa hiyo una siku kumi hivi za kumchunga kwa makini kabla hujatumia shilingi nyingine.

La pili ni mwili wake. Huyu ni uzao wa kwanza, naye bado anakua, akanyonyesha watoto 9 kwa miezi miwili. Hukuniambia alikula nini, lakini kwa pande zetu nimezoea kukuta pumba ya mahindi, maganda ya muhogo na machicha ya malwa, ile pombe ya ulezi. Machicha yanajaza tumbo. Hayajengi nyama iliyoyeyuka. Jike akikonda sana, insulini inakuwa ndogo kwenye damu, LH inapungua kasi, na vifuko vinabaki mtama. Mpapase kwenye nyonga na mgongo: ukihisi mifupa bila kukandamiza, jibu umelipata.

Liko na la tatu, dogo lakini baya: mahindi yenye ukungu. Aina moja ya ukungu hutoa sumu iitwayo zearalenoni, inayojifanya estrojeni. Mimba changa ya nguruwe humjulisha mama kwamba ipo kwa kutoa estrojeni siku ya 11 au 12, ili vinofu visife. Sumu hii inaweza kulidanganya tumbo vivyo hivyo, jike akakaa wiki nyingi kama mwenye mimba. Ukiona hata vijike vidogo vimevimba uke bila sababu, tupa mahindi hayo. Kwa jike wa namna hiyo prostaglandini ingekuwa na kazi, ila daktari athibitishe kwanza kwamba hana mimba ya kweli, maana sindano hiyo hutoa mimba. Je, kuna siku alikata kamba akatembea kijijini? Nawe mwenyewe, kama una mimba au una pumu, usishike chupa ya dawa hiyo wala sindano yake, inapenya ngozini.

Kumpima ni hivi. Asubuhi na jioni, akiwa ameshakula na ametulia, simama kando yake, msugue ubavu, kisha weka viganja vyote viwili kiunoni ukandamize kwa uzito wako. Asiye na joto atakukimbia akipiga kelele. Mwenye joto ataganda kama jiwe, masikio yamesimama, nawe unaweza kumkalia. Dume akiwa upande wa pili wa ukuta jibu linakuwa la uhakika zaidi, kwa sababu povu la mate yake lina harufu inayomgandisha jike. Lakini dume wa kuzungushwa nyumba kwa nyumba simpendi. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na dume wa namna hiyo ni njia yake mojawapo ya kuingia zizini. Mkubali tu kama unajua anakotoka na hakuna nguruwe waliokufa huko.

Akisimama, mpandishe siku hiyo, rudia baada ya saa 12 hadi 24. Mayai hutoka joto likiwa limepita theluthi mbili, na joto la jike aliyekwisha kuzaa huchukua siku 2 hadi 3.

Siku ya 28 ikipita kimya, na hana mimba wala dalili za sumu ile, hapo nitaamini kwamba ovari zimelala. Kwa hao ipo sindano yao: uniti 400 za homoni itokayo kwenye damu ya farasi jike mwenye mimba, inayofanya kazi ya FSH, pamoja na uniti 200 za homoni ya mkojo wa mama mjamzito, inayofanya kazi ya LH. Mara nyingi joto huja ndani ya wiki. Usimpe sasa, kwani akiwa na vinofu inaweza kumwachia vifuko vilivyovimba visivyopasuka, na hapo tutakuwa na kesi nyingine.

Chakula anza leo: soya iliyokaangwa au mukene, yaani dagaa, juu ya pumba, ashibe. Uzao ujao usingoje kuachisha ndipo umlishe, kwa maana vifuko vinavyopasuka baada ya kuachisha vilianza kujaa maji wiki takriban tatu nyuma, watoto wakiwa bado kifuani. Achisha wiki ya 5 au 6, na ikiwezekana iwe Alhamisi, ili joto likuangukie kati ya Jumatatu na Alhamisi inayofuata, siku ambazo uko nyumbani na mwenye dume anapatikana.