Swali la lugha: bendeji ya wavu unamfunga mtu au unamvalisha?

Dada mmoja anamuuguza mama yake aliyeungua kiwikoni, wamepewa ile bendeji ya matundu matundu inayovutika. Anauliza, kwenye ujumbe wa kaka zake wanaopokezana naye zamu aandike "mfunge mama bendeji" au "mvalishe"? Na je, ni wavu au nyavu?

Dada pole sana na kuuguza. Andika mvalishe, maana hapo kitenzi ndo kinamwambia mtu mikono yake ifanye nini. Ukiandika mfunge, kaka yako atazungusha, atakaza, atatafuta pini au apige fundo, wakati hii imefumwa kama mrija, haina pa kufungia, unakata kipande, unakipanua kwa vidole, unakipitisha mkononi kama soksi mpaka kiwe juu ya gozi, yaani kile kitambaa laini cha kufunika kidonda, ukiachia kinajishika chenyewe. Ndo maana inafaa kiwikoni, pale plasta haikai, mtu akikunja mkono tu inabanduka, na ngozi ya mzee ni laini, kila ukibandua plasta inachubuka. Mvishe na mvike nazo ni sahihi kabisa, ila mvike wengi tumeiachia pete na mataji.

Wavu ni umoja, nyavu ni wingi, kwa hiyo ni bendeji ya wavu hata kama ina matundu mia. Neti inaeleweka pia, japo nyumbani ukitaja neti watu wanawaza chandarua.

Ila bendeji ya mpira usiandike, tafadhali! Mtu atakuletea ile ya kukazia kifundo cha mguu kilichoteguka, na ile inabana, kazi yake nyingine kabisa. Hii ya wavu kazi yake ni kushikilia tu gozi isihame, na hewa inapita.

Halafu usianze na bendeji, anza na kidonda, mtu asije akaivalisha juu ya kidonda kitupu. Mimi ningewaandikia hivi: "Funika kidonda kwa gozi safi, kisha mvalishe mama bendeji ya wavu. Vidole vikivimba, vikifa ganzi au vikibadilika rangi, mvue haraka, inambana, mtafutie saizi kubwa." Na hapo pia ni mvue, sio mfungue.