Betri ya CR2032 haisomi hesabu zenu

Kila kundi jipya la vijana linaloingia karakana yetu hapa Tudor, Mombasa, huniletea hesabu ile ile, tena kwa mwandiko mzuri: betri ya CR2032, ile bapa kama sarafu, ina miliampea-saa 220, kifaa chetu cha Bluetooth ya umeme mdogo kikilala kinakula maikroampea 2, basi kitaishi miaka kumi na miwili. Halafu wananitazama wakingoja pongezi. Nawapenda, wallahi, lakini sauti imenikauka kwa kurudia jambo moja, kwa hiyo safari hii nimeliandika. Atakayekuja mwakani apewe hii kabla hajapewa kiti.

Sitaeleza kwa kirefu GATT ni nini, ule utaratibu wa kifaa cha Bluetooth kupanga data yake ili simu iisome. Kama bado unachanganya servisi (kundi la data) na karakteristiki (data moja moja ndani yake), funga hapa ukasome, kisha urudi.

1. Hesabu ya betri hufanywa kwa wastani. Kwa miliampea-saa 220, wastani wa maikroampea 25 unakupa mwaka mmoja, na wastani wa 5 unakupa miaka mitano, na hapo sijatoa umeme unaopotea betri ikiwa imekaa tu, wala ule wa mwishoni ambao volteji imeshuka mno kukufaa. Usingizi wa maikroampea 2 hauna maana kama kila sekunde redio inaamka na kudai miliampea 5 na zaidi. Nokia walipoitangaza teknolojia hii mwaka 2006 wakiiita Wibree, kabla haijaingizwa kwenye Bluetooth 4.0 mwaka 2010, shabaha ilikuwa hiyo hiyo: kifaa kilale karibu muda wote, kiamke, kiseme neno moja, kilale tena. Ninyi mnakiamsha kila milisekunde 20 kitangaze jina lake kama utingo wa matatu ya Bamburi, kisha mnashangaa betri imekwenda wapi.

Na msipime usingizi kwa multimita. Ukiiweka kwenye maikroampea, ukinzani wake unakaa katikati ya betri na chipu. Redio ikiamka volteji inaanguka, kifaa kinajiriseti, nanyi mnakuja kwangu kulalamikia femuwea, programu iliyo ndani ya chipu. Tumieni kile kipimio cha kuchora mkondo kilichoko kabatini. Kabla ya kupima chomoeni debaga, kile kifaa cha kuichunguzia chipu kutoka kwenye kompyuta, mkate umeme kabisa, muwashe upya, maana chipu ikibaki kwenye hali ya kudebagiwa hailali sawasawa.

2. Zimeni UART, ile njia ya waya ya kutolea ujumbe wa chipu kwenye kompyuta. Mpokeaji wa UART akiachwa wazi kwa ajili ya logi (maandishi ya yanayotokea ndani ya programu), saa kubwa ya chipu haizimwi, na kifaa kinakula mamia ya maikroampea hata kikiwa "kimelala". Ukiwa na 500, betri yako imeisha ndani ya siku 18. Toleo la mteja halina logi, basi.

3. Simu. Hapa nitakwenda mbio kwa sababu yote haya yako wazi kwa mwenye kusoma. Kwenye Android fanyeni jambo moja la GATT, msubiri jibu, ndipo mfanye la pili. Namba ya kosa 133 haiwaambii chochote cha maana. Fungeni muunganisho kwa close(), mpumue kidogo, mjaribu tena. Tangu Android 7, apu ikianzisha utafutaji zaidi ya mara tano ndani ya sekunde 30 inanyamaziwa bila hata kuambiwa kosa, kwa hiyo kile kitufe chenu cha "Tafuta tena" ndicho ugonjwa wenyewe. iPhone haiwaonyeshi anwani ya MAC, namba ya kuitambulisha redio ya kifaa, kwa hiyo namba ya kifaa itieni ndani ya tangazo, na tangazo la kawaida lina baiti 31 tu, kwa hiyo acheni kukipa kifaa jina refu kama la harusi. Msiiombe iPhone muda wa muunganisho wa milisekunde 7.5, anzeni 15. Arifa moja kutoka kwa kifaa hubeba baiti 20 mpaka mtakapokubaliana MTU (kikomo cha ukubwa wa pakiti) kubwa zaidi. Mkibadilisha servisi kwenye femuwea na simu ikaendelea kuona za zamani, ni kache, nakala ya zamani iliyojiwekea simu. Mteja akitaka kusoma kwenye kompyuta ya ofisini, Web Bluetooth ndani ya Chrome inatosha, ila ukurasa uwe wa https na mtu abofye mwenyewe.

Na andikeni namba ya sababu kila muunganisho unapokatika! 0x08 ni mwenzio kapotea hewani, 0x13 ni upande wa pili kakata kwa hiari yake, 0x3E ni muunganisho haukuwahi kushika. Kijana anayeniambia "inakatika tu" bila namba namrudisha mezani kwake.

4. Sababu ya riseti. Kwenye hili nitakaa, kwa sababu ndilo lililonivua nguo, na kwa sababu wiki hii nimemwona mmoja wenu akiisoma rejista ya RESETREAS, sehemu ya chipu inayotunza sababu ya riseti, kama nilivyoisoma mimi.

Tulipata kazi ya virekodi joto vya makasha ya samaki. Mfanyabiashara alikuwa akipeleka nguru na jodari Nairobi kwa gari la barafu, na alitaka dereva akifika aonyeshe kwenye simu kwamba samaki hawakupata joto njiani. Chipu ilikuwa nRF52832, betri CR2032, boksi dogo la plastiki. Nikakijaribu mezani kwa pawa saplai ya volti 3, kiyoyozi kikivuma, chai pembeni. Mchoro wa mkondo ulikuwa mzuri kiasi kwamba niliuchapisha nikaubandika ukutani. Nikamwambia mteja kwa kinywa kipana: miaka miwili, hutagusa betri.

Siku chache baadaye simu ikalia. "Fundi, vidude vyako vimezimika." Nikavifuata. Nikafungua kimoja, betri inasoma volti 2.9, nikakirudisha, kikawaka kama kawaida. Nikavijaribu vyote, vyote vinafanya kazi. Nikamrudishia. Vikafa tena. Nikavileta tena karakana, vikafufuka tena.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta mtu wa kumlaumu. Kwanza muuzaji wa betri mjini: feki, nikasema, nikanunua kwingine. Halafu maji: wanaviosha kwa mpira, nikasema. Mwisho, Mungu anisamehe, nikamwambia mteja kwamba kuna mtu ghalani anavichezea. Kulikuwa na kijana mmoja wa kupakia, ndiye aliyekuwa akivitia kwenye makasha. Akaitwa mbele yangu akasomewa. Hakujibu. Mimi nikasimama pale na kompyuta yangu kifuani kama hakimu.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe. Femuwea yangu ilikuwa ikihifadhi rejista ya RESETREAS kila inapoanza, nami nilikuwa nimeisoma. Ilikuwa sifuri, kifaa baada ya kifaa. Nikaelewa sifuri kuwa hakuna riseti yenye kasoro: si watchdog (saa inayoiwasha chipu upya programu ikikwama), si programu, si pini. Datashiti inasema wazi, kwa sentensi ambayo jicho langu lilikuwa limeiruka: kama hakuna biti hata moja iliyowaka, chipu imewashwa upya au volteji ilianguka. Sifuri ndiyo iliyokuwa ikipiga kelele, na mimi nikaipita.

Yule kijana ndiye aliyenifungua macho. Nilikwenda tena kuvichukua, akanikuta nje ya chumba cha baridi, akaniambia kwa upole ambao sikustahili: "Fundi, hivi hufa vikiwa ndani tu. Tukivitoa tukaviweka hapa kizingitini juani, baada ya muda vinaamka vyenyewe." Alikuwa amekwisha kuliona hilo zamani. Hakuna aliyemuuliza, na mimi wa kwanza.

Vinaamka vyenyewe. Nikarudi Tudor na kasha la barafu na chumvi ya mawe, nikatia kifaa ndani na betri yake halisi badala ya pawa saplai, nikaangalia volteji kwenye osiloskopu. Betri hiyo ikipoa, ukinzani wake wa ndani unapanda. Ukiidai maikroampea inakupa bila neno, ukiidai miliampea kumi kwa mpigo volteji inazama. Na femuwea yangu ilipoanza ilikuwa ikidai kila kitu kwa pamoja: inawasha taa, inajipima, inafuta ukurasa wa kumbukumbu, kisha inatangaza kila milisekunde 20 kwa nguvu zote kwa sekunde 30, ati simu iione haraka. Volteji inazama, chipu inazimika. Ikizimika mzigo unaondoka, volteji inapanda, chipu inawaka, inaanza upya na taa yake na matangazo yake. Hivyo hivyo usiku kucha ndani ya barafu. Asubuhi ukikitoa kikapata joto, betri isiyo na mzigo inakusomea 2.9 na kukudanganya mchana kweupe. Pawa saplai ya mezani haina ukinzani huo, wala haipoi, ndiyo maana mchoro wangu wa ukutani ulikuwa mzuri.

Dawa haikuwa kubwa. Kapasita ya maikrofaradi 100 sambamba na betri. Taa ikaondolewa. RESETREAS ikisoma sifuri, kifaa kinasubiri kwanza, kinaanza na matangazo ya polepole kwa nguvu ndogo, na kinapima volteji wakati redio imewaka badala ya wakati imelala. Na futeni ile rejista baada ya kuisoma, kwa kuandika 1 kwenye kila biti, la sivyo sababu za jana zitabaki zimerundikana na za leo. Kwa vile vya chumba cha kugandisha tulihamia betri kubwa zaidi, na mchoro nikaubandua.

Kwa mteja nilirudi nikasema mbele ya wale wale waliokuwepo siku ile kwamba kosa lilikuwa langu. Yule kijana akacheka tu, akasema, "Bora umejua, fundi." Sasa hivi ndiye ninayempelekea bodi za majaribio, maana anaona mambo ambayo ninyi wenye shahada mnapita juu yake. Nikimsikia mmoja wenu anasema "mtumiaji anakichezea" kabla hajaitia bodi kwenye barafu, tutagombana.

5. Chumvi. Vitabu mnavyosomea viliandikwa mbali na bahari. Hapa kusi ikivuma, bodi isiyopakwa kitu inakaa wiki chache tu kabla springi ya betri haijaanza kuota kijani. Kibaya kuliko kijani ni unyevu wenye chumvi usioonekana: ukiwa umeweka pul-apu (kikinzani cha kuishikilia pini juu) ya megaohimu kadhaa ili kubana umeme, utando huo unavujisha kiasi cha kutosha pini isome kwamba kitufe kimebonyezwa, kifaa kinaamka, hakilali tena. Osheni fluksi, dawa iliyobaki ya kulehemu, yote kwanza, ndipo mpake vanishi ya bodi. Mkipaka juu ya fluksi mmeufungia ugonjwa ndani. Na msipake kwenye kishikio cha betri. Imeshatokea. Simtaji.

6. Antena. Msiiwekee shaba wala betri chini yake, hata kama nafasi imebana na mchoro unapendeza. Maji hunyonya mawimbi ya gigahezi 2.4, na samaki ni maji, barafu iliyoyeyuka ni maji, mkono wa dereva ni maji. Masafa ya mita thelathini mliyoyapima kwenye ukumbi mtupu hayatafika hata mlangoni kasha likijaa.

Kuhusu msongamano: matangazo yanakwenda kwenye chaneli tatu tu, 37, 38 na 39, zilizowekwa mahali pa kuzikwepa chaneli 1, 6 na 11 za Wi-Fi. Lakini matangazo ya vifaa vingi hayakwepani yenyewe kwa yenyewe. Mkitaka kujua kama simu itaiona bodi yenu, pandeni kivuko cha Likoni saa kumi na moja jioni, watu bega kwa bega, kila mmoja na simu na spika ya sikioni. Kama apu inakipata kifaa pale kwa muda wa kuridhisha, itakipata popote. Ila tieni bodi kwenye boksi lake. Usiingie kivukoni na nyaya zinaning'inia na taa nyekundu inapepesa, halafu ukawaeleza askari kuhusu Bluetooth.

7. Kristali ya 32.768 kHz, inayohesabu muda kifaa kikilala: wekeni kapasita zinazolingana na datashiti yake, na mkitumia saa ya RC ya ndani, iambieni staki (programu inayoendesha Bluetooth) ukweli kuhusu usahihi wake, la sivyo mtavuna 0x08.

8. Kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano kitafutwe mapema, na moduli iliyokwisha kuidhinishwa inawapunguzia safari nyingi kuliko antena mliyoichora wenyewe.

9. Kusasisha femuwea kwa hewa. Acheni nafasi ya nakala mbili za femuwea kwenye kumbukumbu, ya zamani isiguswe mpaka mpya ithibitishwe. Jaribuni kukatiza katikati: simu ipigwe, apu ifungwe, betri itolewe usasishaji ukiwa asilimia 60, dereva aondoke na gari. Mkiwa mmefunga maboksi kwa gundi kabla ya kulijaribu hili, kisu kiko droo ya pili. Na mkiua vifaa vya mteja usiku, nipigieni. Nitapokea. Nitakuwa mkali, lakini nitapokea, na swali la kwanza nitakalouliza ni RESETREAS inasema nini.